Takhmisi Isiyo na Jina la Liyongo: Led Zeppelin na Deni la Bluzi

Wapenzi wa muziki wa roki wa miaka ya 1960 na 1970 wanapokutana, huzuka ubishi usiokwisha: je, Led Zeppelin walikuwa mafundi wakubwa, ama walikuwa wezi hodari? Kambi ya kwanza hutaja ngoma za John Bonham na gitaa la Jimmy Page, ikauliza ni nani mwingine aliyefika hapo. Kambi ya pili hutaja majina ya Wamarekani Weusi wa Chicago na Mississippi, ikauliza fedha zilikwenda wapi. Kwa kadiri nilivyousikiliza ubishi huo, miongoni mwa walimu wenzangu na vijana tunaowafundisha, kila upande hujibu swali ambalo wa pili haukuliuliza. Yatupasa basi tuyachukue maswali yote mawili na kuyapima kwa santuri moja, yaani Led Zeppelin II, iliyotolewa Oktoba 1969.

Santuri hiyo ina nyimbo tisa. Ilirekodiwa kwa vipande katika studio za Uingereza na Marekani, kikundi kikiwa safarini, na Page mwenyewe ndiye aliyeisimamia kazi. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Marekani, ikaiteremsha Abbey Road ya Beatles. Nyimbo tatu kati ya hizo tisa zina shina lake Chicago: Whole Lotta Love inayofungua upande wa kwanza, The Lemon Song, na Bring It On Home inayofunga upande wa pili. Santuri ilipotoka, zote tatu ziliandikwa kuwa ni utunzi wa wanakikundi.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua muziki huu, bluzi ni nyimbo zilizolelewa na Wamarekani Weusi wa kusini, watoto na wajukuu wa watumwa, katika mashamba ya pamba na kando ya reli. Muddy Waters alihama Mississippi mwaka 1943, akaenda Chicago, na huko akalitia gitaa lake umeme ili lipate kusikika katika kelele za vilabu. Santuri zake ziliuzwa na kampuni ya Chess. Nyuma yake alisimama Willie Dixon, mzaliwa wa Vicksburg wa mwaka 1915, aliyewahi kuwa bondia, kisha mpiga besi, na zaidi ya yote mtungaji. Hoochie Coochie Man ya Muddy Waters ni kazi yake. Spoonful na Little Red Rooster za Howlin' Wolf ni kazi yake pia. Mtu huyu alikuwa malenga ambaye wengi waliimba tungo zake bila kuijua sura yake.

Muziki huo ulivuka bahari. Muddy Waters alizuru Uingereza mwaka 1958. Oktoba 1962 ukafika Manchester msafara wa wanabluzi, Dixon akiwa mmoja wao, na vijana kadhaa wakasafiri kutoka London kwenda kuwaona. Humo ukumbini waliketi Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones, kikundi kilichochukua jina lake kutoka wimbo wa Muddy Waters. Aliketi pia Jimmy Page, kijana wa miaka 18. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Page hakuokota nyimbo zisizo na mwenyewe njiani. Dixon alisimama jukwaani mbele yake.

Sasa tuzisikilize nyimbo zenyewe. Maneno ya Whole Lotta Love kwa sehemu kubwa ni ya Dixon, kutoka You Need Love, wimbo alioutunga na ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1962. Kikundi cha Small Faces kiliwahi kuuimba mwaka 1966, nacho kikaandika majina ya watu wake. Walakini jambo la kwanza linalomshika msikilizaji wa Whole Lotta Love si maneno. Ni fungu fupi la gitaa, zito, linalojirudia kama mtu agongaye mlango bila kuchoka, na fungu hilo halimo katika santuri ya Muddy Waters. Halafu wimbo hufika katikati ukavunjika: gitaa hunyamaza, vyombo vya kigeni hulia na kunguruma, sauti huhama kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, mpaka ngoma za Bonham zije kuukusanya upya mwili uliotawanyika. Hayo ni uvumbuzi wa Page na wenzake. Anayeyaita wizi hajasikiliza.

The Lemon Song nauona dhaifu zaidi. Ni Killing Floor ya Howlin' Wolf ya mwaka 1964, iliyorefushwa. Lile fungu la gitaa lililokuwa mali ya kikundi cha mzee yule limebaki karibu lilivyokuwa, na kilicho bora mle ni besi ya John Paul Jones, inayozunguka chini ya wimbo kana kwamba ina mazungumzo yake yenyewe. Katika Bring It On Home, Robert Plant aigiza sauti ya Sonny Boy Williamson mwanzo na mwisho, na katikati kikundi kimeingiza wimbo mwingine wa kwake, wa kishindo. Huo wa katikati ni mzuri. Uigizaji wa pembeni wanitia haya kidogo, kama mtu aigaye lafudhi ya mgeni wake.

Walimu wenzangu wa ushairi watakuwa wamekwisha kuitambua bahari hii. Katika fasihi yetu tuna takhmisi. Mshairi wa baadaye huzichukua beti za aliyemtangulia, akatanguliza mishororo yake mitatu mbele ya miwili ya awali, ubeti ukatimia mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imejengwa hivyo juu ya maneno ya shujaa Fumo Liyongo. Je, mishororo yote ni ya Sayyid? La hasha. Je, kazi ile si ya Sayyid? Ni yake pia, maana kuyavika maneno ya mwenzako vazi jipya lisilombana ni ufundi mgumu. Lakini tazameni jina: Takhmisi ya Liyongo. Mwenye maneno ya awali amekaa kichwani mwa kazi, na msomaji anajua tangu mwanzo kuwa anasikiliza watu wawili.

Whole Lotta Love ni takhmisi ya namna hiyo, tena takhmisi hodari, ambayo mtungaji wake amelifuta jina la Liyongo.

Utetezi unaotolewa mara nyingi ni kwamba bluzi yenyewe ni muziki wa kuazimana. Jambo hili ni kweli. Robert Johnson alipoimba Sweet Home Chicago mwaka 1936 alikuwa ameusikia wimbo wa Kokomo Arnold wa miaka miwili nyuma. Rollin' Stone ya Muddy Waters ina asili yake katika nyimbo za zamani kuhusu samaki kambare. Dixon mwenyewe, katika Little Red Rooster, alipita katika njia iliyofunguliwa na Charley Patton mwaka 1929. Kisima kilikuwa cha wote, na kila aliyechota alikuta nyayo za wengine.

Utetezi huo ungefaa kama Led Zeppelin nao wangeyaacha maji yawe ya wote. Hawakufanya hivyo. Jina linapoandikwa kwenye lebo ya santuri si pambo. Ndilo linaloamua nani atapokea mrabaha, kila santuri inapouzwa na kila wimbo unapopigwa redioni. Kwa kuandika majina yao peke yao, vijana wale walikitia kisima kufuli. Aliyetia kufuli hawezi kugeuka baadaye, mwenye ndoo anapobisha hodi, akasema kuwa maji hayana mwenyewe.

Wala haisemeki kwamba desturi ya siku zile haikujua kutaja majina. Cream, kikundi cha Eric Clapton, kiliimba Spoonful mwaka 1966 na kumwandika Dixon. Kiliwaandika pia Skip James na Robert Johnson kwa nyimbo zao. Rolling Stones, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig! huko Marekani mwaka 1965, walitaka Howlin' Wolf aalikwe pamoja nao, kisha wakaketi chini miguuni pake akiimba. (Nao si malaika: Love in Vain ya Robert Johnson waliyoirekodi mwaka 1969 iliandikwa jina lingine kabisa, na ugomvi juu ya haki zake ulikuwa bado mahakamani mwaka 2000.) Na ushahidi mzito kuliko wote umo katika santuri ya kwanza ya Led Zeppelin wenyewe, ya Januari 1969. Mle jina la Willie Dixon limeandikwa waziwazi kwa nyimbo mbili, You Shook Me na I Can't Quit You Baby. Miezi tisa baadaye jina limetoweka. Hapo siwezi kuwasaidia.

Mwaka 1972 kampuni ya Arc Music, iliyomiliki haki za nyimbo za Chess, ilidai kwa ajili ya Killing Floor na Bring It On Home, na madai yakamalizwa kwa mapatano. Mwaka 1985 Dixon alishtaki kwa ajili ya Whole Lotta Love. Shauri hilo nalo likamalizwa nje ya mahakama, na leo jina lake limo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70 alipofungua shauri, na alifariki mwaka 1992. Lakini wale wa kambi ya pili, wapendao kusimulia kisa hiki kama cha Waingereza waovu na wanyonge wa Chicago, mara nyingi huruka sehemu moja. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Dixon na Muddy Waters walilazimika kuishtaki Arc Music yenyewe kwa sababu ya mrabaha wao. Mtungaji alinyang'anywa mlangoni na aliyekuwa ndani ya nyumba. Ukimtaja Page bila kumtaja mchapishaji, umesimulia nusu.

Aidha, si kila kufanana ni deni. Wasimamizi wa urithi wa Randy California, mpiga gitaa wa kikundi cha Spirit, walidai kwamba mwanzo wa Stairway to Heaven ya mwaka 1971 ulichukuliwa katika Taurus, kipande chake cha mwaka 1968. Mwaka 2016 juri la Los Angeles liliwapa haki Led Zeppelin, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2020. Nami naona ilikuwa sawa. Kinachofanana pale ni mteremko wa noti ambao wanamuziki wameutumia kwa karne nyingi. Kumnyima mtu mteremko huo ni kama kumnyima mshairi mizani ya nane kwa nane. Maneno ya Dixon hayakuwa mizani. Yalikuwa maneno ya mtu mmoja, yenye mpangilio wake na mzaha wake.

Kuhusu thamani ya santuri nzima, naiweka juu, ila si kwa sababu ya zile nyimbo tatu. Ramble On ndiyo niipendayo zaidi: hutembea polepole kwa gitaa lisilo na umeme, kisha huinuka ghafla, na besi ya Jones imesukwa kwa ustadi mkubwa. Nayo ina cha kuazima, kwa kuwa yataja mahali na kiumbe kutoka riwaya ya J.R.R. Tolkien. Majina hayo wameyaacha wazi kabisa, kila asomaye apate kuyatambua. La profesa wa Oxford lilihifadhiwa. La mpiga besi wa Chicago likafichwa. Nawaachia wasomaji wapime.

Wenye shaka kwamba kulitaja jina la mwenzako kunapunguza fahari ya kazi wasikilize When the Levee Breaks, katika santuri ya nne ya mwaka 1971. Wimbo huu ulirekodiwa mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na mkewe Memphis Minnie, juu ya mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927, yaliyovunja matuta na kuwafukuza watu kwa mamia ya maelfu. Ule wa awali ni mwepesi, magitaa mawili yakikimbizana, huzuni ikiwa imefichwa ndani ya maneno. Led Zeppelin waliupunguza mwendo wakaufanya mzito. Ngoma za Bonham ziliwekwa katika ukumbi wa nyumba ya zamani ya Headley Grange, Hampshire, na maikrofoni zikaning'inizwa juu kwenye ngazi, hata kila pigo likarudi na mwangwi wake. Katika mafuriko hayo sasa msikilizaji ayasikia maji yenyewe. Huu ndio ufundi wao katika kilele chake, na kwenye lebo, pamoja na majina yao manne, limeandikwa la Memphis Minnie.

Bibi huyo alikuwa angali hai, mgonjwa na fukara mjini Memphis. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake halikuwa na jiwe hadi mwaka 1996, mwimbaji Bonnie Raitt alipogharimia. Kansas Joe, ambaye ndiye aliyeimba katika santuri ya 1929, alikuwa amekufa tangu 1950. Lake kwenye lebo ya 1971 halikuwamo.