"Gia Huru" Isiyo Huru: Uhakiki wa Istilahi katika Kijitabu cha Trekta ya Bustani

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa kwetu ili istilahi zake ziangaliwe, imo ya kijitabu cha maelekezo ya trekta ya bustani, yaani ile trekta ndogo ya kukatia majani na kuvutia tela jepesi, itumikayo katika viwanja vya shule, mahoteli na gofu. Hatutamtaja mfasiri wala kiwanda, kwa kuwa nia yetu si kumshitaki mtu. Tutashughulika na sura mbili tu: ile ya kusafirisha mashine na ile ya kutengeneza kiendeshi chake kilichoharibika. Tumezichagua kwa sababu katika sura hizo neno likipotoka, msomaji hapotezi maana peke yake. Hupoteza mashine, na pengine huumia.

Kwanza tutoe sifa inayostahili. Sentensi za mfasiri ni fupi, amri zake zinafuatana kama kazi inavyofuatana, na hakuona haya kutumia maneno ya gereji kama pampu, pedali, mkanda na breki. Sarufi yake haina dosari. Upungufu uko katika maneno machache tu, lakini hayo ndiyo yaliyobeba mzigo wote.

Ili hoja yetu ieleweke, hatuna budi kueleza mashine yenyewe. Trekta iliyozoeleka hupeleka nguvu ya injini magurudumuni kwa klachi na meno ya gia. Dereva akiweka gia huru, meno huachana, na magurudumu huweza kuzunguka bila kuisumbua injini. Mfumo wa haidrostatiki, ulioanza kutiwa katika trekta za bustani za Marekani katika miaka ya 1960, ni wa namna nyingine. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma oili katika njia iliyofungwa. Oili huzungusha mota. Na mota huzungusha ekseli. Ndani ya pampu mna sahani inayoinamishwa kwa pedali. Ikiinama upande mmoja trekta huenda mbele. Ikiinama upande wa pili hurudi nyuma. Ikinyooka, pistoni hazisukumi kitu, na trekta husimama.

Kusimama huko ndiko mfasiri alikokuita "gia huru". Tukifuata Kiingereza chake hakukosea, maana neno la asili ni lile lile linalotumika kwa gari. Lakini msomaji wake hasomi Kiingereza. Yeye anajua kwamba gari lililo katika gia huru, ambalo mafundi husema liko "frii", husukumwa na hukokotwa bila madhara. Hapa sivyo. Oili iliyonaswa kati ya pampu na mota huyashika magurudumu. Yakilazimishwa kuzunguka injini ikiwa imezimwa, mota hugeuka kuwa pampu: husukuma oili isiyo na pa kwenda, shinikizo hupanda, joto huongezeka, na nyuso zilizosuguliwa zikalingana kabisa huanza kuchubuka. Wakati huo huo ile pampu ndogo ya kuongeza oili haizunguki, kwa sababu huzungushwa na injini. Mtu aliyetii maelekezo neno kwa neno, akaifunga trekta yake nyuma ya gari na kuikokota hadi gereji, atafika na uharibifu ambao hakuondoka nao. Tunashauri pasemwe "mkao wa kati" wa pedali, na neno "gia huru" liachiwe mashine zenye gia za kuachana.

Kinachoyaachia magurudumu ni vali ndogo inayounganisha pande mbili za njia ya oili, ili oili izunguke bila kuipitia pampu. Hiyo ikifunguliwa, trekta huweza kusukumwa kwa mkono, polepole na kwa mwendo mfupi, kama vile kuipandisha kwenye tela. Mfasiri ameiita "vali ya kukwepa" mahali pamoja, "vali ya mafuta" mahali pengine, na "kishikio cha kuzungukia" mahali pa tatu. Tunamhurumia, kwa maana Kiingereza chenyewe hakina jina moja: kiwanda kimoja huiita kwa njia inayopitwa na oili, kingine kwa gurudumu kuzunguka lenyewe, kingine kwa kukokotwa. Lakini si lazima turithi vurugu za wengine. Tunapendekeza "vali ya mchepuko", kwa kuwa msomaji amekwisha kuiona barabara ya mchepuko na anajua kazi yake. Penye kutajwa kwa mara ya kwanza iongezwe sentensi moja: vali hii ikiwa wazi, magurudumu hayashikwi na kiendeshi, kwa hiyo mashine iliyo mlimani itateremka yenyewe isipozuiwa kwa breki.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno "mafuta". Kwa desturi yetu petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na oili ni mafuta. Sura ya kusafirisha inaagiza "vali ya mafuta" ifungwe, na maana yake ni ile ya petroli, isije ikavuja njiani. Aya mbili mbele inaagiza "vali ya mafuta" ifunguliwe, na maana yake ni ile ya mchepuko. Msomaji afuate amri ipi? Gereji zetu zimekwisha kulitatua jambo hili kwa kusema oili kwa kinacholainisha, na petroli au dizeli kwa kinachowaka. Mfasiri wa mashine asiirudishe nyuma lugha iliyokwisha kutangulia.

Neno "kusafirisha" nalo limebebeshwa kazi mbili. Kijitabu kinataja "mkao wa kusafirisha", yaani visu vya kukatia vikiwa vimeinuliwa wakati trekta inapokwenda yenyewe kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kisha kinaeleza kuisafirisha juu ya tela, ambako visu hutakiwa kushushwa, breki ya kuegesha kukazwa, injini kuzimwa, ufunguo kutolewa, na fremu kufungwa kwa mikanda mbele na nyuma. Msomaji makini ataviinua visu kwa sababu ameambiwa kwamba huo ndio mkao wa kusafirisha. Tunashauri "mkao wa kutembea" kwa maana ya kwanza, na "kuchukua kwa tela" kwa ya pili.

Katika sura ya matengenezo yametukwaza mawili. La kwanza ni jina la mfumo, lililofasiriwa kuwa "mwendo wa maji tuli". Kwa asili ya Kiyunani ni sahihi. Kwa matumizi ni hatari, maana katika mfumo huo hamna tone la maji wala halitakiwi. Katika kichwa cha habari patoshe "kiendeshi haidrostatiki", na katika maelezo "kiendeshi cha oili". La pili ni agizo la "kusafisha mfumo" baada ya kubadili oili. Kinachokusudiwa si kuosha, bali kuondoa hewa iliyoingia: magurudumu ya nyuma huinuliwa, ya mbele huwekewa vizuizi, vali ya mchepuko hufunguliwa, injini huwashwa, na pedali husukumwa polepole mbele na nyuma mara kadhaa, kisha vali hufungwa na kazi hurudiwa. Kila fundi aliyewahi kushika breki huita kazi hiyo "kutoa upepo". Neno lipo, lilihitaji kuulizwa tu.

Tumezoea, tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa na Baraza mwaka 1974, kupima istilahi kwa ufupi wake, uzuri wake na ukaribu wake na mizizi ya Kibantu. Vipimo hivyo ni vyema, navyo vibaki. Lakini "gia huru" linafaulu kwa ufupi na uzuri, "maji tuli" linafaulu vyote vitatu, na bado yote mawili yanaharibu mashine. Kwa istilahi za ufundi tunaomba kiongezwe kipimo cha nne: sentensi yenye neno hilo isomwe mbele ya fundi asiyeuona Kiingereza chake, mashine ikiwepo, na tutazame mkono wake unakwenda wapi. Ukienda pasipo, neno hilo halijawa istilahi, hata likiwa zuri namna gani.

Maneno tunayoyapendekeza ni haya: kiendeshi haidrostatiki, mkao wa kati, vali ya mchepuko, oili, petroli na dizeli, kila moja kwa kitu chake, mkao wa kutembea, kuchukua kwa tela, kutoa upepo. Walimu wa ufundi, wafasiri na maofisa wa idara zenye mashine za namna hii wanaombwa watuletee maoni yao, hasa pale ambapo mafundi wa sehemu zao wana neno lililo bora kuliko letu.