Kosa la Kazimoto: kuisoma Kichwamaji ukiwa Mngeta

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilikuwa Mngeta kwenye msiba wa mtoto wa dada yangu. Kama huijui Mngeta, ukitoka Ifakara unafuata barabara ya kwenda Mlimba. Milima ya Udzungwa inakuwa kulia kwako, bonde lenye mpunga kushoto, na mvua zikikolea barabara nayo inataka kuwa jaruba. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alizaliwa vizuri tu, lakini alipofika mwezi wa pili kichwa kikaanza kukua haraka kuliko mwili.

Waliokuja kutupa pole walisema kile ambacho watu wema husema: kazi ya Mungu haina makosa. Dada aliitikia, na niliona kabisa kwamba lile neno linamshika asianguke. Mimi sikuwa na cha kuitikia. Niliacha kuamini nikiwa mwaka wa pili chuoni, polepole, bila kugombana na mtu, na nyumbani hatulizungumzii. Usiku ule, nimelala sebuleni na wajomba, nikakumbuka riwaya niliyokuwa nimeisoma zamani kwa ajili ya mtihani. Mwezi wa tano niliporudi kumsaidia dada kuamia ndege shambani, nilikuja nayo. Nikaisoma upya pale kwenye kibanda cha kuamia, nikiiweka chini kila kundi la ndege lilipotua.

Riwaya yenyewe ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Nataka kuihakiki hapa nikiwa na swali moja mkononi: mtu asiye na dini anashika nini mambo yanapoharibika?

Kwanza, kitabu chenyewe. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akafundisha Botswana, na alifariki Januari 2020. Anayesimulia Kichwamaji ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao kijijini. Imani ya wazazi haimtoshi tena. Elimu imempa maswali mengi kuliko majibu. Familia inapata misiba, anaoa, na mkewe Sabina anajifungua mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Mtoto haishi. Kazimoto anajiua.

Nikuambie ukweli, sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayoheshimu shaka kiasi hiki. Hadithi nyingi tulizolelewa nazo zina kijana anayepotea akajuta, au mwenye subira akalipwa. Kezilahabi hakutaka kutudanganya hivyo. Amemwachia Kazimoto maswali yake yote, hakumletea mzee wa kumsahihisha ukurasa wa mwisho. Msomaji aliyewahi kukaa msibani akiwa hana cha kuitikia atajiona humo. Kwa hilo peke yake kitabu kinastahili kusomwa, na si kwa ajili ya mtihani tu.

Lakini nina ugomvi nacho mara mbili.

Ugomvi wa kwanza unahusu kichwa cha mtoto. Ni rahisi sana kukisoma kama ishara: kizazi cha wasomi ambacho elimu imekivimbisha kichwa, mwili ukabaki nyuma. Darasani ndivyo tulivyofanya, na maksi tulipata. Kazimoto naye, kwa namna yake, anamsoma mtoto hivyo hivyo. Anamwona kama hukumu juu ya maisha. Shida ni kwamba mtoto akishakuwa ishara, hakuna tena anayemuuliza anaumwa nini.

Sasa hebu tuulize. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinavyotengeneza maji. Kwa mtu mzima ni karibu nusu lita kila siku. Maji hayo huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, au ufyonzaji ukishindwa, maji yanajaa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijaungana, kwa hiyo fuvu linatanuka na ubongo unabanwa kwa ndani. Hicho ndicho wauguzi wetu wanakiita kichwa kikubwa, na mtaani wanakiita kichwa maji.

Na kwa nini kinatokea? Mwaka 2001 ilifunguliwa hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, mashariki mwa Uganda. Daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf na wenzake walipochunguza watoto 300 waliotibiwa pale, waliona kwamba zaidi ya nusu walipata tatizo hili baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya siku za mwanzo kabisa za maisha. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2005. Mwaka 2020 watafiti wakatangaza kwamba kwenye maji ya ubongo ya baadhi ya watoto wa Uganda wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Yaani jambo ambalo lingeweza kuitwa laana, au hukumu ya maisha, lilikuwa na mdudu anayeonekana kwa vipimo.

Tiba iliyozoeleka ni mrija, wanauita shanti, unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Unaokoa maisha. Lakini unaweza kuziba au kupata maambukizi, na kama unakaa mbali na hospitali, siku ya kuziba ndiyo siku ya hatari. Kwa sababu hiyo Warf aliendeleza Mbale upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asiutegemee mrija. Jaribio la watoto 100 lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili kwa njia hizo mbili haukutofautiana. Kwa mzazi wa kijijini hiyo ni habari kubwa. Hapa kwetu upasuaji wa watoto hawa unafanyika, kwa mfano, MOI pale Muhimbili na Bugando Mwanza.

Ukiishia hapo utadhani naandika kwamba Kazimoto alikosa daktari tu, na kwamba sayansi ndiyo dini mpya. Hapana. Mtoto wetu aliwekewa mrija. Uliziba masika, barabara ikiwa mbaya, na tulichelewa. Siku za mwanzo kabisa, kwenye kituo kimoja, tuliambiwa kichwa kile ni cha kurithi, tukapoteza wiki kadhaa. Tulijua ugonjwa, tulijua tiba, na bado alikufa. Kwa hiyo tumaini linalosimama juu ya kupona peke yake lingekufa naye siku ile ile.

Hapo ndipo ugomvi wangu wa pili unapoingia. Kazimoto anaipiga hesabu ya maisha yake akiwa peke yake. Sabina amempoteza mtoto yule yule, lakini huzuni yake karibu yote tunaiona kupitia macho ya mumewe, na mumewe hamuulizi vya kutosha. Nadhani kosa la Kazimoto si kumkosa Mungu. Kosa lake ni kudhani kwamba mtu akishamkosa Mungu amewakosa na watu.

Kuna utafiti unaonisaidia kulisema hili kwa uangalifu. Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha uchambuzi wa Wamarekani waliohojiwa mara mbili, mwaka mmoja ukipita katikati. Wanaohudhuria ibada walikuwa wanaridhika zaidi na maisha, kama tafiti nyingi zinavyosema. Walipochimba zaidi, waliona faida hiyo inatokana hasa na marafiki ambao mtu anao kwenye kusanyiko lake. Anayehudhuria bila kuwa na marafiki pale hakuonekana kuwa na nafuu kubwa. Marekani si Kilombero, na uchambuzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha chanzo cha jambo kama jaribio la dawa. Pia sitaki kumwambia dada yangu kwamba imani yake ni urafiki tu. Anajua mwenyewe inachompa. Ninachosema ni kwamba sehemu ya kinachombeba muumini ni mikono ya watu, na mikono hiyo haiulizi kwanza unaamini nini.

Niliiona Mngeta. Msiba ulitokea wakati wa kupandikiza, na miche ya dada ilikuwa inazidi umri kitaluni. Siku ya tatu wenzake wa kikundi walishuka bondeni bila kuagizwa wakamalizia ekari yake. Kati yao walikuwemo Wakatoliki, Waislamu, Walokole na mimi. Maji ya jaruba yalikuwa yanatufika magotini sote.

Bonde hili lina mfano mwingine, mkubwa zaidi, wa watu wanaofanya kazi bila kuahidiwa kitu. Miaka ya 1990 kijijini Idete, huku huku Kilombero, ilijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotoka kwa Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Fikiria furaha iliyokuwepo. Kisha Gambia na Thailand wakajaribu, kinga haikuonekana, na chanjo ile ikaachwa. Watafiti wa Ifakara hawakufunga virago. Mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioanza baadaye Kilombero na Ulanga ulifuatiliwa, na mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba vyandarua hivyo viliendana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 4. Chanjo nyingine, RTS,S, ilikuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, miaka 27 baada ya ile habari ya Idete.

Watu waliokaa katikati ya miaka hiyo hawakujua mwisho wake. Walikuwa na shaka kama ya Kazimoto, tena shaka ndiyo kazi yao. Tofauti ni kwamba waliigawana: mmoja anapima, mwingine anakagua, wa tatu anasema hapana, rudia. Hivyo ndivyo ninavyolielewa tumaini lisilo na ahadi. Ni kuwa na kazi inayofuata, na mtu wa kuifanya naye.

Kwa hiyo isome Kichwamaji. Isome kwa ukali wake, na usikubali mtu akukatazie kwa sababu inahuzunisha. Ila usiisome peke yako. Mpe rafiki, mbishane. Na kama mawazo ya Kazimoto yanakutembelea usiku, usikae nayo mpaka asubuhi. Mwamshe mtu, mpigie dada, nenda kituo cha afya ukaseme wazi unachokiwaza. Shaka haiui mtu. Kubaki nayo peke yako ndiko kunakotisha.

Dada bado anakwenda kanisani kila Jumapili. Siku za kliniki anakwenda na futi ya fundi cherehani mkobani. Akimwona mama mwenye mtoto ambaye kichwa chake kinamtia wasiwasi, anakaa karibu naye, anamsalimia, anaomba ruhusa, anapima, anaandika tarehe kwenye daftari. Wiki inayofuata anapima tena. Mara nyingi hakuna kitu. Watoto wawili hadi sasa wamewahi kufika hospitali kabla hali haijawa mbaya. Mimi namchorea tu mistari ya grafu kwenye hilo daftari. Hatujawahi kujadili ni nani kati yetu aliye sahihi kuhusu Mungu.