Mkuki Usio na Mhunzi

Mkuki wa maigizo hujulikana ukianguka: haulii. Wa vijana niliowatazama mwishoni mwa wiki moja, kwenye uwanja wa kijiji kilicho mteremkoni mwa Meru, ulikuwa mpini wa fagio uliopakwa rangi ya fedha, na ngao zilikatwa kwenye maboksi ya bidhaa za dukani. Upande mmoja wa kanda nyekundu ulikuwa wa wazee wetu, upande wa pili wa Wajerumani. Mkuki mmoja ulikatika katikati kabla adui hajafika. Watu wakacheka, spika ikapiga kelele, na mshereheshaji akatutangazia kwamba tumeishuhudia historia.

Vijana sina neno nao. Walikimbia vizuri, na nyimbo walizijua. Shida yangu ni na waandaaji. Vita vyenyewe havikuwa mchezo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pale Akeri. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akarudi na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichagga. Migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa, na rika la morani lililoitwa Talala likapungua. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Moshi, Mangi Meli, mtawala wa huko, miongoni mwao, na viongozi wa Meru na Arusha wakafa naye. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho ya elimu viumbe, lilijengwa na mikono ya walioshindwa. Mambo haya angalau yalitajwa kwenye spika, japo kwa haraka. Aliyetengeneza silaha za wazee wetu hakutajwa kabisa.

Ninamfahamu mzee mmoja ambaye bado anafua nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya barabara iendayo Moshi. Hakualikwa. Anaishi kwa majembe, visu na sime. Mkuki hutengeneza pale tu mtu anapouagiza kweli, na wa namna hiyo ni wachache. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi aliyoikuta kwa baba yake imeshaoza. Sasa moto wake unapulizwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Chuma chake ni springi ya gari. Lakini mkono ni uleule.

Kaa naye umtazame. Springi inaingia kwenye mkaa ikiwa nyeusi, anaitoa kwa koleo kabla haijaanza kutoa cheche, na hapigi hovyo. Nyundo inakwenda kutoka katikati kuelekea ukingoni, upande huu kisha upande ule, mpaka uti wa bapa unasimama wenyewe bila kuchongwa. Rangi ya chuma ikififia ananyamaza na kukirudisha motoni. Hata ukimuuliza swali la maana, atalijibu chuma kikishawaka tena. Mkuki wa morani una vyuma viwili: bapa refu juu, na chini chuma chembamba cha kuchomeka ardhini. Mti ni kipande kifupi cha katikati, mahali pa kushika tu. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye uzani. Akimaliza anaulaza mkuki juu ya kidole kimoja, palepale kwenye mti. Ukiinamia mbele, anapunguza bapa. Ukiinamia nyuma, anarudi kwenye chuma cha chini. Nimemwona akipoteza mchana mzima kwa kosa ambalo mimi sikuliona hata aliponionyesha.

Mkuki wa watalii madukani mjini unafunguliwa vipande vitatu ili uingie kwenye begi. Huo haupimwi kwa kidole.

Wahunzi hawakupata shukrani nyingi hata zamani, lazima niseme. Wamasai waliwategemea wahunzi wao kwa kila ncha, na bado hawakuoana nao; mtu alijipaka mafuta mkononi kwanza ndipo apokee sime iliyoshikwa na mhunzi. Kwingine mambo yalikuwa tofauti. Chuma kingi cha Uchaggani kilitoka Ugweno, kwenye milima ya Upare, kwa ukoo wa Washana, na masimulizi ya huko yanasema Washana walikuwa watawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, walifua mikuki hata kwa ajili ya Wamasai, na huko nyundo bado zinasikika. Yaani kabla Talala hawajainua mkono, chuma kilikuwa kimeshapita milima miwili, makabila kadhaa na masoko yasiyo na hesabu. Historia hiyo haitoshi kwenye ngao ya boksi.

Songea wanafanya kwa heshima zaidi. Kila Februari 27 wanawakumbuka mashujaa 67 wa vita vya Majimaji walionyongwa pale mwaka 1906, na sherehe inafanyika jirani na makaburi yao, ambapo utani una mipaka. Kule Uingereza, wanaoigiza vita vya Hastings vya mwaka 1066 hubishana hata juu ya uzi wa kushonea nguo. Tukiwaona wazungu wale tunawaita wendawazimu, ilhali sisi, ambao wajukuu wa waliopigana bado wana mashamba ya kahawa palepale, tunaridhika na rangi ya kopo.

Wanaoandaa maonyesho ya mwakani wana nafasi ya kurekebisha hili. Jumamosi nzima wampe mhunzi: mkaa, fuawe, kivuli, na watoto wakae karibu kiasi cha kuhisi joto. Vita viigizwe Jumapili, na walau kiongozi wa kikosi ashike mkuki uliofuliwa mbele ya macho yetu. Na mzee alipwe siku hiyohiyo, kama anavyolipwa mwenye spika.