Istilahi za Madai ya Bima: Uhakiki Mfupi

Biashara ya bima si ngeni nchini Tanzania. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli za bima ziliwekwa chini ya umma. Neno bima lenyewe, lililotufikia kwa njia ya Bara Hindi, limekwisha kuzoeleka. Lakini istilahi za kushughulikia madai bado zimechanganyika, na hasara ya mchanganyiko huo humwangukia mwananchi.

Tuanze na neno dai. Katika mazungumzo ya kila siku, anayedai ni mtu mwenye haki yake, kama vile adaiye deni. Lakini katika magazeti, "anadai kuwa" maana yake ni kwamba msemaji hajaaminiwa. Hivyo taarifa ya ofisini inapoandikwa "mdai anadai kuwa gari liligongwa", shaka imekwisha kupandwa kabla ya ushahidi kusomwa. Sisi tunakubali dai libaki kuwa jina la ombi la malipo. Ila maelezo ya ajali yaandikwe kwa kitenzi kisichoegemea upande, yaani "ameeleza".

Neno la pili ni fidia. Kanuni ya fidia ni kumrudishia mwenye bima hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, bila kumpa faida. Kanuni hiyo yafaa kwa nyumba na gari. Haifai kwa bima ya maisha, kwa kuwa uhai haupimwi. Pale hulipwa kiasi kilichokubaliwa katika mkataba. Kwa hiyo watafsiri wanaoandika "fidia" mahali pote wanakosea: kwa bima ya maisha iandikwe "malipo ya bima". Lakini familia ya marehemu aliyegongwa na gari la mtu mwingine hulipwa fidia kwa haki.

Tatu ni majina ya watendaji. Mtathmini wa hasara hupima uharibifu na kutoa maoni. Afisa madai hulinganisha maoni hayo na masharti ya hati ya bima. Wakala huiwakilisha kampuni, na dalali humwakilisha mteja. Wote hawa wakiitwa "watu wa bima", mwenye gari akimsikia mtathmini akitaja kiasi fulani hudhani amekwisha kuahidiwa fedha.

Kosa lililo baya zaidi tumelikuta katika barua za kupendekeza malipo, ambamo huandikwa "bila chuki". Msomaji hushangaa, kwani hakuna aliyemchukia. Maana iliyokusudiwa ni kwamba pendekezo hilo lisichukuliwe kuwa kampuni imekiri dhima endapo shauri litafika mahakamani. Tunapendekeza "bila kuathiri haki", maneno ambayo humwonya mpokeaji kwamba bado hajakubaliwa.

Yafaa pia hati ya kupokea malipo ya mwisho iseme waziwazi kwamba kutia sahihi ni kufunga dai. Kuiita "risiti" tu ni kumficha mtu jambo analolitenda kwa mkono wake mwenyewe.

Tunawaomba walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya kazini. Istilahi ya bima haitoshi kuwa fupi na tamu. Sharti imwezeshe mwenye hasara kujua anachokitia sahihi.