Msomaji na Huzuni ya Mhusika katika Rosa Mistika na Kichwamaji

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, machozi ya msomaji hayajapewa nafasi ya kutosha. Mhusika hupimwa kwa dhamira anayoibeba. Akishaitwa kielelezo cha malezi mabaya au cha udhanaishi, kazi huonekana imekwisha. Pengo hilo linadhihirika zaidi katika mapokezi ya Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi.

Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Marufuku yenyewe ilisimama juu ya nadharia ya usomaji, ingawa haikuitwa hivyo: kwamba msichana anayejinasibisha na Rosa atamwiga Rosa. Utetezi uliozoeleka nao hudai kuwa riwaya inatoa funzo kwa wazazi wakali kupita kiasi. Pande hizo mbili zinapingana kuhusu athari ya kitabu, lakini zote zinamwona Rosa kama mfano tu, ama wa kuigwa ama wa kuepukwa. Kwa nini msomaji humlilia, hazijauliza.

Jibu limo katika mpangilio wa matukio. Kabla Rosa hajatenda lolote la kulaumiwa, msomaji ameshamshuhudia Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya Charles. Adhabu imetangulia kosa. Tangu hapo kila hatua ya Rosa, hata mwenendo wake chuoni, husomwa kupitia kipigo kile. Msimulizi anapoelekea kumlaumu, msomaji yuko tayari upande wa mshtakiwa. Na Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, kipigo hurudi kwa sura nyingine, safari hii bila mkono kuinuliwa. Kujinasibisha huku hakumfanyi msomaji atake kuishi kama Rosa. Humwezesha kuiona hukumu ya jamii kutoka mahali anaposimama anayehukumiwa, na pengine hilo ndilo lililotisha zaidi. Aristotle aliihusisha tanzia na huruma na hofu. Hofu ya msomaji wa Rosa Mistika, hata hivyo, haielekei kwa miungu wala majaaliwa, bali nyumbani, kwa baba.

Katika Kichwamaji (1974) hali ni ngumu zaidi. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza, hivyo ingetarajiwa msomaji awe karibu naye kuliko alivyo kwa Rosa. Sivyo. Msomi huyu ana dharau, na kisasi chake dhidi ya Manase, aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, anakusudia kukipitisha kwa Sabina, dada wa Manase, asiye na hatia yoyote. Usimulizi unamvuta msomaji ndani, matendo yanamsukuma nje. Ni rahisi kuutatua mvutano huo kwa kuugeuza kuwa falsafa, na uhakiki umefanya hivyo mara nyingi mno. Lakini mawazo ya Kazimoto kuhusu utupu wa maisha yanakwenda sambamba na misiba ya nyumbani kwao. Hayakuokotwa vitabuni tu. Msomaji anayekataa kabisa kumhurumia hujikuta ameukataa pia msiba wa Rukia, kwa kuwa hakuna sauti nyingine inayousimulia. Kazimoto anapojiua, msomaji anampoteza mtu ambaye hakuwahi kumpenda sawasawa, na pamoja naye sauti iliyokuwa ikimkumbuka Rukia.