Asidi, Tindikali na Maji ya Betri

Kamusi za Kiswahili huyafanya maneno "asidi" na "tindikali" kuwa visawe, zikaishia hapo. Usawa huo hausimami yanapochunguzwa matumizi. Mnamo Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza waliposhambuliwa Mji Mkongwe, Unguja, magazeti ya Kiswahili yaliandika kwamba walimwagiwa tindikali. Hapana msomaji aliyedhani kuwa walimwagiwa maji ya ndimu, ingawa ndimu nayo, kwa hesabu ya mkemia, ina asidi. Tindikali, basi, ni kiowevu kiunguzacho. Na sikio la msemaji, lolote liwalo asili ya neno, husikia "kali" ndani yake. Asidi ni jina la jamii nzima: ya betri, ya siki, ya maziwa ya mgando, hata ya tumboni. Wapo wasemao "tindikali ya tumboni", lakini usemi huo humtisha mgonjwa bure.

Katika mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu, suala hili lina uzito zaidi. Wakazi wengi huko lugha yao ya kwanza ni Kijaluo, na sayansi shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, tofauti na Tanzania ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Neno "tindikali", kwa hiyo, halikupata mlango wa kuingilia. Kwa mafundi wa betri husikika zaidi "maji ya betri", na fungu hilo hubeba vitu viwili: maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri iliyopungua, na asidi salfuriki yenyewe.

Utata huu si wa kupuuzwa kama mchezo wa maneno. Kanuni ya kazi ni kwamba asidi humiminwa polepole katika maji. Maji yakimiminwa katika asidi nzito, joto huzuka ghafla, mchanganyiko ukachemka na kuruka usoni. Fundi asiye na neno ila "maji ya betri" hawezi hata kuitamka kanuni hiyo kwa mwanafunzi wake, kwani atakuwa amemwambia amimine maji ya betri katika maji ya betri.

Hapana budi, basi, mtunga kamusi atenganishe. "Asidi" libaki jina la jumla. "Tindikali" liwe la asidi kali tu. Na "maji ya betri" yaandikiwe maana zake mbili, kila moja kwa nambari yake, pamoja na tahadhari.