Chernobyl ina kitabu, moshi wa jikoni hauna

Svetlana Alexievich alitoa kitabu chake kuhusu Chernobyl mwaka 1997, baada ya miaka kama kumi ya kuwasikiliza watu. Sauti ya kwanza kubwa humo ni ya mke wa zimamoto aliyekwenda kuuzima moto usiku wa 26 Aprili 1986. Hospitalini mke huyo anaambiwa asimguse mumewe. Anamgusa. Jamani, kurasa zile! Ukizimaliza hutaki tena kusikia neno nyuklia.

Na hapo ndipo mimi na kitabu tunapogombana kidogo. Kwa ufundi sina neno, Nobel ya 2015 aliistahili. Lakini kwa nini msomaji anakifunga akiwa na hakika kwamba sasa anajua nishati ipi inaua zaidi? Wafanyakazi na wazimamoto kama 30 walikufa ndani ya miezi ya mwanzo. Ripoti ya 2005 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba vifo kwa walioathirika zaidi vingeweza kufika 4,000. Wapo wanaobisha kwamba idadi hiyo ni ndogo mno. Haya, izidishe mara kumi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake.

Tatizo ni kwamba moshi hauna usiku wake. Hauna tarehe, hauna king'ora. Hadithi hupenda mlipuko.

Makaa ya mawe yana Germinal ya Zola, ya 1885, ila humo kinachoua ni shimo, njaa na risasi za askari. Kilichonikaa kichwani ni mate meusi ya mzee Bonnemort: kifo cha polepole, kinatemwa chini na hadithi inasonga mbele. Wanaovuta hewa ya bomba la moshi maili nyingi kutoka mgodini hata hawamo.

Umeme wa maji nao si malaika. Bwawa la Banqiao, China, lilipasuka Agosti 1975 likaua makumi ya maelfu; wangapi kati yetu tumewahi kulisikia? Hapa kwetu muulize chura wa Kihansi. Maji ya maporomoko yake yalipelekwa kwenye mitambo, ugonjwa wa ukungu ukammalizia, na 2009 akatangazwa ametoweka porini.

Basi ninachotaka ni mtu wetu aichukue mbinu ileile ya Alexievich, kinasa sauti na subira, aende nayo jikoni, iwe Kitui au Sumbawanga. Amkalie mama anayekohoa, asimkatize, aanze na swali dogo tu: hili jiko, mama, ulianza kulipuliza ukiwa na miaka mingapi?